Taa ya ndani isiyozimika na betri ndogo inayolaza gari la umeme

Mwenye gari la petroli akisahau taa ya ndani usiku kucha, asubuhi anatafuta jirani mwenye waya za kubusti, gari linawaka, siku inaendelea. Mwenye gari la umeme hudhani shida hiyo ameiacha nyuma. Chini ya sakafu ana betri ya karibu kilo 300, ya kumpeleka kazini na kumrudisha bila wasiwasi. Taa moja ya dari itaifanya nini betri kama hiyo? Kwa hiyo hupigwa na butwaa siku anapokuta gari limekufa kabisa: rimoti haifungui mlango, dashibodi ni giza, kitufe cha kuwashia hakijibu, na akichomeka chaja haingizi kitu. Jana aliliacha na chaji asilimia 80, na chaji hiyo bado imo.

Nitaeleza kwa kutumia Nissan Leaf, kwa sababu ndilo gari la umeme ambalo mtu wa huku Afrika Mashariki ana nafasi kubwa ya kulikuta limetumika, likitokea Japani, usukani kulia. Lilianza kuuzwa Desemba 2010, na Nairobi huduma ya teksi ya Nopia Ride ilianza nalo mwaka 2018. Mengi ya haya yanafanana kwenye magari mengine ya umeme, na pale yanapotofautiana nitasema.

Betri ndogo ndiyo yenye neno la mwisho

Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa huzungusha mota. Ndogo ni ya volti 12, kwenye Leaf ni ya risasi na tindikali, haina tofauti kubwa na ile ya Vitz au Probox, na imekaa chini ya boneti. Taa, honi, wipa, vioo vya milango, loki, redio, airbag na kompyuta zote za gari hula kwa hiyo ndogo. Alterneta hakuna, kwa kuwa hakuna injini ya kuizungusha. Mahali pake pamewekwa konvata, kifaa kinachochukua umeme wa betri kubwa, ambao kwenye Leaf ni kama volti 360, na kuushusha hadi volti 13 au 14 za kuchajia betri ndogo.

Konvata hiyo haifanyi kazi saa zote. Inafanya kazi gari likiwa limewashwa na alama ya READY imetokea kwenye dashibodi, au likiwa linachajiwa. Ukilizima, kontakta zinazounganisha betri kubwa na gari zinaachia. Ukiwa mahali pa kimya utasikia zikigonga chini ya kiti. Kuanzia hapo umeme mkubwa umefungiwa ndani ya boksi lake, nyaya nene za rangi ya machungwa hazina kitu, na fundi au mtu wa zimamoto anaweza kulikaribia gari bila kucheza na volti zinazoua. Ni mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba kontakta hizo ni sumaku zinazovutwa na umeme, na umeme huo unatoka kwenye betri ndogo. Ikiisha chaji, hakuna wa kuzivuta. Ghala limejaa mpunga na ufunguo umepotea.

Sasa tupige hesabu. Balbu ya kizamani ya dari ina wati 8 hivi. Ongeza mbili za kusomea mbele na moja ya buti, unafika wati 25 au zaidi kidogo, yaani kama ampea 2. Betri ndogo ya saa-ampea 45 ikiwa mpya ingezihimili karibu saa 22 kwenye karatasi. Betri iliyokuja na gari kutoka Japani na kukaa juani Dar es Salaam au Mombasa miaka miwili haina tena hizo 45. Huenda imebaki na nusu, na kompyuta za gari huanza kugoma kabla haijakauka. Kwa hiyo usiku mmoja unatosha. Wati hizo 25 zingekula kwenye betri kubwa ya Leaf la kwanza, yenye kilowati-saa 24, zingewaka zaidi ya mwezi mzima. Lakini hazili huko.

Watengenezaji wanalijua hili na wameweka kinga. Kwenye magari mengi kompyuta hukata taa za ndani zenyewe baada ya dakika kadhaa hadi nusu saa, gari likiwa limezimwa. Leaf pia, likikaa limepaki muda mrefu, hujiamsha mara moja moja na kuichajia betri ndogo kidogo kutoka kwenye kubwa. Msaada huo umepangwa kwa gari lililolala salama. Gari linalonyonywa ampea 2 au 3 mfululizo halitaisubiri siku ya kuchajiwa. Litakuwa limekufa zamani.

Gari linaamini nini?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo ningependa tukae zaidi.

Taa ya dari haina akili. Inawashwa na kompyuta ya bodi, na kompyuta hiyo haioni mlango, inasoma swichi. Swichi ikisema mlango uko wazi, taa inawaka, hata kama mlango umefungwa kwa nguvu hadi jirani akaamka. Kwa hiyo taa isiyozimika mara nyingi ni gari linalokuambia: kwa ninavyojua mimi, kuna mlango haujafungwa.

Na gari linaloamini mlango uko wazi halilali. Gari la kisasa likizimwa na kufungwa, kompyuta zake hulala moja baada ya nyingine mpaka lote kwa jumla linakula chini ya miliampea 50, kiasi ambacho betri nzima inaweza kukihimili kwa wiki kadhaa. Likiwa macho, likisubiri dereva anayeonekana kama bado anaingia au anatoka, linaweza kula ampea kadhaa. Ndiyo maana kinga ya kukata taa inadanganya. Nusu saa ikipita taa inazimika, mwenye gari anachungulia dirishani, anaona giza, anaenda kulala kwa amani. Ndani ya gari kompyuta ziko macho na betri inaendelea kushuka.

Hii pia ndiyo sababu sipendi dawa mbili zinazopendwa sana mtaani: kusukuma swichi ya dari hadi OFF na kuiacha hapo maisha yote, au kuchomoa fyuzi ya taa za ndani. Mjumbe hauawi. Ukimzima, ujumbe unabaki: gari bado linaamini mlango uko wazi, kengele ya wizi inaweza kugoma kujifunga, rimoti inaweza kukataa kufunga loki, na betri inanyonywa gizani. Fyuzi yenyewe mara nyingi haihudumii taa peke yake; kwenye magari mengi inashirikiana na vitu vingine vidogo, na ukiichomoa unaanzisha tatizo la pili. Kama ni usiku, umechoka, na asubuhi una safari, weka OFF, sawa. Kesho yake utafute mlango.

Kabla ya kushika bisibisi

Anza na yale ya aibu. Swichi ya dari ina nafasi tatu: ON, DOOR na OFF. Ikiwa ON, taa haijali milango kabisa, inawaka tu. Mtoto aliyesimama kiti cha nyuma anaweza kuisukuma bila mtu kujua. Inatakiwa iwe katikati, kwenye DOOR. Taa za kusomea za mbele zina vitufe vyake pembeni, na hizo hazifuati mlango. Funua pia vile vikinga jua vya mbele: kwenye magari yenye taa ya kioo cha kujipodoa, kifuniko kisipokaa vizuri taa yake hubaki inawaka imejificha.

Halafu subiri. Taa nyingi zimepangwa kubaki sekunde 15 hadi 30 baada ya mlango kufungwa, ili uone unapoweka mguu. Ukibonyeza rimoti kufunga, zinapaswa kuzimika papo hapo au kufifia taratibu. Wapo wanaompelekea fundi gari zima kabisa kwa sababu tu hawajahesabu hadi 30.

Kwenye Leaf la kizazi cha pili, lililotoka mwaka 2017, mambo ya taa yamo pia kwenye mipangilio ya dashibodi, na gari likiwa la Japani menyu yote ni Kijapani. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya tafsiri, isome skrini. Usibonyeze kwa kubahatisha; kwenye menyu hizo hizo kuna mipangilio mingine utakayoivuruga ukashindwa kuirudisha.

Kama swichi iko DOOR, umesubiri, umefunga loki, na taa bado zinawaka, angalia dashibodi gari likiwa READY. Alama ya kigari chenye mlango uliofunguka ikiwapo, umepata jibu kubwa: ni swichi ya mlango au waya wake. Magari mengine yatakuonyesha mlango upi, mengine yanakupa alama moja tu utafute mwenyewe. Alama ikiwa haipo na taa bado zinawaka, milango umeisingizia. Rudi kwenye taa yenyewe, swichi yake ya dari, au kompyuta ya bodi.

Neno moja kabla ya kuanza kutafuta. Wakati unapekua, milango iko wazi na kila kitu kiko macho, kwa hiyo unaila betri ile ile unayotaka kuiokoa. Liache gari READY, gia kwenye P, breki ya kupaki imekaza, ili konvata iendelee kuchaji. Au chomeka chaja ndogo ya volti 12 kwenye betri ndogo. Kukaa kwenye hali ya kusikiliza redio hakusaidii, maana hapo konvata imelala. Na kwa kuwa gari lililo READY halitoi mlio wowote, hakikisha hakuna mtoto karibu na kiti cha dereva.

Kuutafuta mlango unaosema uongo

Swichi za mlango ziko za aina mbili. Ya zamani ni kipini chenye kofia ya mpira, kimetokeza kwenye nguzo ya gari pale mlango unapofungia. Mlango ukifungwa unakisukuma ndani. Ya kisasa imefichwa ndani ya loki, hauioni bila kuvua paneli ya mlango. Gari moja linaweza kuwa na zote mbili, vipini milango ya pembeni na swichi ya ndani ya loki kwenye buti.

Ya kipini ni rahisi. Fungua mlango, kisukume kwa kidole. Kinapaswa kuingia laini na kurudi chenyewe chote, na taa zizimike kikiwa ndani kama milango mingine imefungwa. Kikiingia na kubaki ndani, au kikirudi nusu, kimejaa vumbi na kutu. Kofia ya mpira ikichanika, maji yanaingia moja kwa moja. Pwani chumvi inamaliza kazi haraka: ukikifungua utakuta unga wa kijani kwenye shaba. Wakati mwingine swichi ni nzima ila mlango umeshuka kidogo kwenye bawaba, au kofia imeliwa pale inapoguswa, hivyo mlango haukisukumi hadi mwisho. Kipande cha mpira kilichobandikwa kwenye kofia kwa majaribio kitakuonyesha kama ndivyo.

Kwa iliyo ndani ya loki, kuna ujanja wa kuidanganya. Fungua mlango na uangalie ubavuni mwake, pale penye loki: utaona mdomo wa chuma wenye umbo la uma, ule unaoukamata mkono wa chuma ulio kwenye nguzo. Chukua bisibisi, usukume uma huo kama mkono ungeusukuma. Utagonga mara mbili. Mlio wa kwanza ni mlango uliofungwa nusu, wa pili ni uliofungwa kabisa. Sasa gari linaamini mlango umefungwa, ingawa uko wazi mbele ya macho yako, na unaweza kuangalia taa. Fanya hivyo mlango mmoja baada ya mwingine. Ambao hauleti mabadiliko ndio mgonjwa. Ukimaliza, lazima uvute mshikio wa mlango ili uma ufunguke kabla ya kufunga. Ukiubamiza ukiwa umefungwa, utapasua loki uliyokuja kuitengeneza.

Angalia pia grisi iliyomo kwenye uma huo. Ikitoka kiwandani ni nyeupe au ya njano. Baada ya miaka ya vumbi inakuwa nyeusi na nzito, na uma unafika mlio wa pili kwa shida au hauufiki. Mlango unakaa, hautikisiki, lakini swichi haijaguswa. Mara nyingi hali hii huanza siku gari lilipooshwa kwa pampu ya presha: maji yamesukuma uchafu ndani na kuondoa kilainishi kilichobaki. Tiba ni spreyi ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Puliza ndani ya loki, fungua na ufunge uma mara nyingi kwa bisibisi, futa uchafu unaotoka, puliza tena. Ukiisha kukauka weka grisi nyepesi kidogo. WD-40 peke yake itakupa nafuu ya siku chache. Inaondoa maji na kuyeyusha uchafu, lakini si kilainishi cha kukaa. Kiasi kikubwa cha kesi hizi kinaishia hapa, kwa gharama ya kopo moja.

Zisipoishia hapa, fuata waya. Kati ya mlango na nguzo kuna bomba la mpira lenye mikunjo, ndani yake nyaya zote za mlango zinapinda kila ukifungua na kufunga. Mlango wa dereva na wa buti ndio huchoka mapema kuliko yote. Taa ikizimika na kuwaka unapoutikisa mlango, chomoa mpira huo upande mmoja na uvute nyaya nje: utakuta ganda limepasuka na shaba inagusa bodi. Waya wa swichi ukigusa bodi, kompyuta inasoma mlango wazi. Kufunga utepe tu juu ya pasuko ni kuahirisha, kwa sababu waya utaendelea kupinda hapo hapo. Kata, unga waya laini wa kupinda, chomelea kwa risasi, funika kwa mrija wa kusinyaa.

Mwenye mita afanye jaribio la kuchomoa soketi ya swichi. Kwenye kipini cha kawaida, swichi hufunga njia ya kwenda bodi mlango ukiwa wazi. Ukiichomoa na taa zikazimika, swichi imeganda ndani. Zikiendelea kuwaka, waya umegusa bodi mahali au mlango mwingine ndio wenye kosa. Tahadhari kwa swichi za ndani ya loki: baadhi ya magari yamezipanga kinyume, ukichomoa soketi kompyuta inasoma mlango wazi. Usitoe hukumu kwa jaribio hili peke yake.

Swichi ya ndani ya loki kwa kawaida haiuzwi peke yake, unanunua loki nzima. Kwa iliyotumika, Gerezani kwa Dar na barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi ndiko watu wanakoanzia. Nenda na loki yako ya zamani, linganisha namba na soketi, na uende na mita. Kabla ya kutoa hela, weka mita kwenye pini za swichi na uzungushe uma kwa bisibisi: usomaji lazima ubadilike ukifika mlio wa pili, na urudi ukiachia. Muuzaji mwenye spea nzima hatakukasirikia.

Taa za LED ni kesi ya pembeni. Aliyebadilisha balbu za dari akaweka LED za bei ndogo, halafu usiku anaona zinatoa mwanga hafifu kama mshumaa wa mbali, gari lake huenda halina tatizo. Kompyuta ya bodi hupitisha umeme kidogo sana kukagua kama balbu ipo, ambao balbu ya zamani hauitikisi. LED inawaka nao. Umeme wenyewe ni mdogo mno kuua betri. Zinazouzwa zikiwa na kizuizi ndani, au kurudisha balbu za zamani, humaliza jambo. Ila LED ina faida yake: ukiisahau kweli ikiwaka, inakula sehemu ndogo tu ya kile balbu ingekula.

Kompyuta ya bodi yenyewe kuharibika hutokea, lakini mafundi huikimbilia mapema mno, pengine kwa sababu neno kompyuta linatisha na linalipwa vizuri. Kabla ya kukubali ibadilishwe, omba isomwe. Kwa Leaf kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy: ukichomeka kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, inakuonyesha volti za betri ndogo na kumbukumbu za hitilafu. Mashine ya fundi yenye programu ya Nissan inaenda mbali zaidi, inaonyesha kila swichi ya mlango inasema nini sasa hivi. Fungua na ufunge kila mlango huku ukitazama skrini. Kama skrini inafuata mlango sawasawa na taa bado inawaka, hapo sasa kompyuta ina kesi ya kujibu.

Gari likishakufa

Leaf lililokufa linafunguka mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti. Boneti inavutwa kwa waya kutoka ndani, haihitaji umeme. Buti inahitaji, kwa hiyo usitunze waya za kubusti kwenye buti. Kwenye Tesla Model 3 hata boneti inafunguliwa kwa umeme. Watengenezaji wameweka nyaya mbili nyuma ya kifuniko cha ndoano ya kuvutia kwenye bampa ya mbele, unaziunganisha na betri ya nje ya volti 12 ili boneti ifunguke.

Kubusti gari la umeme ni kazi nyepesi kuliko la petroli, maana hakuna stata ya kuzungusha. Unachohitaji ni kuamsha kompyuta na kuvuta kontakta. Kifaa kidogo cha kubustia cha kushika mkononi kinatosha. Chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma tupu cha bodi mbali na betri. Dashibodi ikiamka, kanyaga breki, bonyeza kitufe, subiri READY, ondoa waya, acha gari hivyo saa moja au zaidi. Kinyume chake usikifanye: usitumie Leaf kubusti gari la petroli la jirani. Stata yake inataka mamia ya ampea, na konvata haikutengenezwa kwa hilo. Mwambie jirani pole.

Betri ya risasi ikiisha kabisa inaumia, kila mara inabaki na uwezo mdogo zaidi. Ipime ikiwa imepumzika saa chache: volti 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 tayari iko matatani. Konvata ya gari haiirudishi vizuri betri iliyokauka. Itoe, ichaji taratibu kwa chaja ya nje usiku mzima. Ikishindwa kushika 12.4 kesho yake, nunua mpya. Ukiitoa, gari liwe limezimwa na chaja kubwa imechomolewa. Spana namba 10, hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi mwisho. Ujue pia kwamba baadhi ya redio za magari ya Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri ambayo hakuna anayeijua hapa, na vioo vya milango vinaweza kuhitaji kufundishwa upya kupanda vyenyewe. Nyaya za machungwa usiziguse, hazihusiki na taa hizi kwa namna yoyote.

Umetengeneza, taa zinazimika, alama ya mlango imeondoka. Bado kipimo kimoja, na ndicho mafundi wengi hukiruka. Fungua boneti, zima gari, funga milango yote na loki, peleka rimoti ndani ya nyumba mbali na gari, kwa sababu rimoti ikiwa karibu inaweza kuliamsha. Ikiwa boneti nayo ina swichi, isukume kwa bisibisi kama ulivyofanya kwenye mlango. Shika waya wa hasi wa betri ndogo kwa mita ya kubana inayosoma umeme wa moja kwa moja, usubiri nusu saa bila kugusa kitu. Usomaji utashuka kwa ngazi kadri kompyuta zinavyolala. Ukitulia kwenye miliampea 20 au 40, kazi imeisha. Ukibaki juu ya ampea moja, gari bado liko macho na kuna mlango ambao haliamini kwamba umefungwa. Anza na wa buti, ambao watu huusahau kwa kuwa hakuna anayeingilia huko.